Kiolezo cha Mwalimu Venanti

"Kuanzia asubuhi hii," Mwalimu Venanti alitangaza mbele ya paredi, kidevu juu, "kila barua ya shule hii itatoka katika kiolezo changu kimoja. Mwandiko mmoja. Nafasi moja kati ya mistari. Aya zitanyooka kama askari wa gwaride. Fujo katika karatasi imekoma rasmi!"

Akakunjua tangazo alilolichapa upesi bila kulitazama, akalibandika ubaoni. Maneno yote yalikuwa yamerundikana katikati ya karatasi, kwa herufi za zambarau zenye mikia, yamezungukwa na maua ya waridi.

"Mwalimu anaoa!" sauti ikapaa kutoka kidato cha nne. Paredi nzima ikaangua kicheko.

Nasma wa kidato cha tatu hakucheka. Alisimama macho chini kama mtu aliye msibani, maana kazi ile ilikuwa yake. Jumapili ilikuwa zamu yake kufagia chumba cha kompyuta. Alipomaliza, binti huyu wa mwenye duka la vitenge Kasulu mjini alikifungua kiolezo, akabadilisha mtindo wa aya, akayaazima maua kutoka kwenye kadi ya harusi ya dada yake. Kwa maoni yake, shule ya bweni inayokula maharage siku saba kwa wiki ilistahili burudani kidogo.

Saa nne na nusu alitumwa kupeleka birika la chai ofisini. Huko akamkuta Theodosia, mpishi, amevaa kitenge cha kanisani, ameshika karatasi kwa vidole viwili kama anayeshika panya. Miaka sita amepika kwa kibarua. Leo maombi ya mpishi wa kudumu yalikuwa yanafungwa, na karani wa shule angeondoka nayo kwa pikipiki kwenda wilayani saa tano.

Karatasi ilikuwa imejaa waridi.

"YAH iko wapi?" Mwalimu aliiuliza printa. "Barua ya kazi ambayo YAH yake imejificha kwenye maua ni barua ya mapenzi!" Alikuwa akiusukuma mstari kwa kibonye cha nafasi, mguso kwa mguso, kama anayesukuma baiskeli mlimani. Akiurekebisha mmoja, mitatu inakimbia.

"Acha tu, Mwalimu," Theodosia alisema. "Niandike kwa mkono."

"Wamesema ichapwe."

"Basi niwapelekee maua yao. Watadhani naomba mume." Alicheka, lakini akachungulia dirishani.

Nje, pikipiki ya karani ikawashwa.

Nasma akaweka birika chini. "Mwalimu, naomba nijaribu."

Hakutafuta kitu. Akafungua kiolezo, mtindo wa aya, kushoto, wino mweusi, maua nje. Akafuta nafasi zote za Mwalimu. Printa ikaguna, ikatoa barua yenye adabu: anwani kulia, YAH katikati kwa herufi kubwa na mstari chini yake, aya zimenyooka.

"Yoo, mwana wanje, mwanangu!" Theodosia akatia sahihi, akashika pindo la kitenge, akakimbia. Wakamsikia akimfokea karani asubiri, kisha pikipiki ikaondoka taratibu, naye akarudi jikoni mikono mitupu, akiimba.

Mwalimu Venanti alijimiminia chai.

"Nasma. Kiolezo hiki nimekitengeneza mimi, na dakika arobaini sikujua maua yamejificha wapi. Wewe umeyaendea moja kwa moja."

"Bahati, Mwalimu."

"Bahati inayojua njia kama ng'ombe anayerudi zizini?"

Nasma alitazama birika. Birika halikumsaidia.

"Ni mimi, Mwalimu. Jumapili, baada ya kufagia. Maua ni ya dada Kuruthumu. Nilililenga tangazo lako tu. Sikujua kiolezo kikiharibika, kila barua inaharibika nacho. Mama Theodosia sikumkusudia kabisa, na nitakwenda kumwambia mwenyewe."

"Na hiyo zambarau?"

"Hiyo, Mwalimu, kusema kweli, nilidhani itakupendeza."