Hewa ya Kukaa

"Mama Angetile, hivi huu moshi wako huwa unakwenda wapi?"

Gwamaka aliuliza hivyo miaka mingi iliyopita, amesimama kwenye kijia cha migombani na jembe begani, akiutazama moshi wa vyungu vya Rut ukipanda. Ulikuwa utani tu wa jirani kwa jirani. Rut naye akamjibu kwa utani: "Unakwenda kwa Kyala, kwa Mungu mwenyewe, baba. Unatangulia kunishikia nafasi." Wakacheka, kila mtu akashika njia yake.

Mwaka huu swali lilelile likarudi, na mwulizaji hakuwa anacheka.

Rut alikuwa Mkisi wa ufukweni mwa ziwa, mjane, mfinyanzi. Udongo alifundishwa na mama yake kabla hajaijua herufi A, na darasa la saba alilomaliza lilimtosha kusoma Neno kanisani zamu yake ikifika, na kuchora R ndogo chini ya kila chungu. Miaka yote alichomea vyungu kwenye mchanga, karibu na maji, mahali ambapo moshi haukumsumbua mtu. Kisha ziwa likapanda misimu miwili mfululizo. Likameza mchanga, likameza matete, likameza mpera aliokuwa akitundika kanga yake wakati wa kazi. Rut akausogeza moto wake juu, na huko juu ndiko yalikoanzia majaruba ya mpunga ya Gwamaka. Nyumba ya Gwamaka nayo ilikuwa papo hapo.

Pengine mambo yangeishia kwenye kukohoa tu, kama si ile sala.

Mwezi wa kwanza, wanawake wa kanisa walipoulizana mahitaji ya maombi, mmoja aliombewa goti, mwingine mkwe. Rut akasimama akasema, "Mimi naombeni mniombee jua. Siku tatu tu, vyungu vyangu vikauke." Aliyeongoza sala alikuwa Tusajigwe, mke wa Gwamaka mwenyewe, na Tusajigwe akiomba, hata kuku wa jirani huacha kula. Kesho yake jua likatoka. Siku tatu zikaisha, jua likabaki. Wiki tatu zikaisha, jua bado lipo, katikati ya masika ya mpunga, na miche ya Gwamaka imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Ndipo Gwamaka akasikia redioni kwamba moshi wa wanadamu unaharibu tabianchi. Akaunganisha mwenyewe: sala, moshi, jua. Akaenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti wa kijiji, Ambwene.

"Huyu mama hachomi vyungu," alimwambia. "Anachoma mvua yetu. Apigwe marufuku."

Ambwene akamwagiza Rut asiwashe moto mpaka kikao cha Alhamisi. Nyumbani kwa Rut kulikuwa na vyungu arobaini vilivyokauka vizuri, vinangoja moto wa Ijumaa ili viwahi soko la Jumamosi. Chungu kisichochomwa ni tope lenye umbo. Kikinyeshewa mara moja, kinarudi kuwa udongo. Na nyuma ya hivyo arobaini vilikuwepo vingine vyote ambavyo hajavifinyanga bado. Moto ukikatazwa pale, auhamishie wapi? Chini maji, juu mashamba ya watu. Usiku wa Jumatano Rut alipiga magoti, akaomba kwa tahadhari kubwa, maana alishaona maombi yanavyoweza kupitiliza.

Kikao kilifanyika kwenye ghala la kakao, kwenye ile harufu yake ya uchachu. Rut alifika mapema amebeba chungu cha maji ya kunywa na kata yake ya kuchotea, akakiweka karibu na mlango. Alijua watu wakibishana hukaukiwa koo. Gwamaka alikuja akakaa mbele, mkononi ana ufunguo wa mashine yake ya kukoboa mpunga, anauzungusha kidoleni kama kawaida yake akiwa na jambo moyoni. Mwenyekiti alikuwa amemwita Doreen, afisa kilimo wa kata, akaingia na kofia yake ya pikipiki kwapani.

"Ugonile," akawaamkia. Watu wakafurahi, maana alikuwa mgeni wa huko kwingine na alilitamka kama anatafuna mfupa.

Gwamaka akaeleza shitaka lake. Hakumaliza vizuri, Mzee Andrea akainuka na fimbo yake.

"Mimi ziwa hili nimeliona likipanda na likishuka tangu sijavaa kaptula. Jua kali nimeliona, mafuriko nimeyaona. Ndivyo nchi ilivyo. Hakuna cha moshi wala cha nini!"

"Ni dhambi!" ikapaa sauti kutoka nyuma. "Watu hawafungi tena!"

Tusajigwe naye akasimama, mikono kiunoni. "Na kama kosa ni jua, basi nikamatwe mimi. Mimi ndiye niliyeliomba! Mume wangu, mbona hukunishitaki?"

"Wewe kaa chini, nitakushitaki nyumbani," Gwamaka akasema, na ghala zima likaangua kicheko.

Doreen alingoja watulie. Akasema Mzee Andrea hakukosea: ziwa kupanda na kushuka ni kawaida yake ya tangu zamani, na ukame wa wiki tatu huwezi kuubandika kwa mtu mmoja. "Lakini joto la dunia nzima linapanda, mzee wangu. Wanaolipima mwaka hadi mwaka hawabishani tena kwa hilo, wala kwamba sisi binadamu ndio tunaolipandisha. Kinachofanya hivyo hasa ni hewa ukaa."

Rut akanyoosha mkono. "Samahani, binti yangu. Hiyo hewa ya kukaa inakaa wapi?"

Watu wakacheka. Doreen naye akacheka. "Ukaa, mama. Kutoka kwenye makaa."

"Aa. Mimi nimesikia ya kukaa. Kama mgeni asiyejua kuaga."

Doreen akafungua mdomo amsahihishe tena, akaghairi. "Mama, umekosea neno lakini jambo hujalikosea. Moshi huu mweusi unaouona, baada ya siku chache unaanguka, mvua inaufua. Ndani yake mna hewa usiyoiona. Hiyo ndiyo inayokaa. Nyingine inakaa huko juu mpaka wajukuu wa wajukuu zako wazeeke. Jua linaingia, dunia inapata joto, joto likitaka kutoka, hewa ile inalizuia."

"Kama mfuniko wa chungu," Rut akasema.

"Kama mfuniko wa chungu."

Rut akarudi kukaa, akalikumbuka swali la zamani. Kumbe unakwenda huko. Na yeye alidhani ametania.

"Haya, mfuniko tumeuelewa," Gwamaka akasema, akimtazama Rut. "Nani ameuweka?"

"Si mama huyu," Doreen akajibu. "Makaa ya mawe na mafuta yaliyolala chini ya ardhi tangu kabla ya watu, ndiyo yaliyochimbwa yakachomwa. Viwanda, mitambo ya umeme, magari, ndege. Nchi kubwa zimechoma hivyo tangu babu zetu hawajazaliwa. Mbele ya hayo, vyungu vyote vya ziwa hili ni kijiko cha maji mle ziwani. Nyasi na pumba hewa yake ziliifyonza kwenye msimu uleule zilipoota, na nyasi zikiota tena zinaifyonza tena. Kuni ndizo nitakuuliza, mama. Ukikata, unapanda?"

"Nimepanda michache," Rut akasema kwa ukweli. "Ila siku hizi kuni nimepunguza, natumia pumba za mpunga."

"Vizuri. Na kwa kuwa tunasema kweli, niseme yote." Doreen akamgeukia Gwamaka, akipunguza sauti. "Majaruba nayo yamo, baba. Maji yakituama muda mrefu, kule kwenye tope inazaliwa gesi nyingine ya joto. Ukikanyaga, huwa unaona mapovu?"

Kila aliyewahi kupandikiza mpunga aliyajua mapovu hayo, na Mzee Andrea akapiga fimbo chini kwa furaha.

"Kumbe jaruba la Gwamaka lina gesi tumboni!"

"Dawa yake ni kuliacha likauke kidogo, halafu unarudisha maji," Doreen akawahi kusema.

"Basi mwezi huu ametii kabla hajaambiwa!" mzee akadakia.

Ghala likavunjika kwa kicheko. Wengine walijifuta machozi. Rut naye alianza kucheka, ila macho yake yalikuwa na tabia ya kutazama pembeni wakati wengine wanatazama katikati, na aliona ufunguo umeacha kuzunguka. Gwamaka aliukunja kwenye kiganja, ameinamisha kichwa. Rut akakumbuka kiganja kilekile kilivyoshika sururu siku ya kuchimba kaburi la marehemu mume wake, mvua inanyesha, wenzake wamekimbilia chini ya paa. Akainuka.

"Msimcheke. Mpunga wake ukifa, hivi vyungu vyangu nitavipikia nini?"

Watu wakapunguza sauti.

"Tena nina jambo la kutubu. Pumba ninazochomea ni zake."

"Zangu?" Gwamaka akainua kichwa.

"Zako, jirani. Unazimwaga nyuma ya mashine. Mimi huja kuzizoa Jumatatu kabla hujafungua. Niliona haya kukuomba, maana tayari ulikuwa umenikunjia uso. Kwa hiyo moshi ule unaoushitaki, nusu ni wako."

Tusajigwe alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Gwamaka mwenyewe mdomo ukamcheza pembeni, akaurudisha mahali pake.

"Sawa," akasema. "Tuseme moshi haufukuzi mvua. Lakini unaingia nyumbani kwangu! Wiki iliyopita nimekula ugali una ladha ya chungu."

"Hilo ni kweli, na hapo kosa ni langu," Rut akasema. "Nilikuwa nawasha mchana, upepo unatoka ziwani kuja kwako. Kabla ya jua kuchomoza upepo unashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Nitawasha wakati huo. Moshi utawafuata samaki."

Ambwene akawatazama wote, akakohoa kiuenyekiti. "Kikao kimesikia. Lakini shitaka lililoletwa na mtu linaondolewa na mtu huyohuyo. Asipoliondoa, marufuku inabaki mpaka nilifikishe kwenye kata. Gwamaka, unasemaje?"

Hapakuwa na aliyecheka sasa. Rut alishika ncha ya kanga yake, akaviona vile vyungu arobaini vimejipanga ukutani kama watoto wanaongoja uji. Kimoyomoyo akamwambia Mungu kwamba safari hii haombi siku tatu, anaomba neno moja tu.

Gwamaka akasimama polepole. Akaenda mlangoni kwenye chungu cha maji, akachota kwa kata, akanywa yote, akachota tena. Akakigonga chungu kwa kucha, kikalia kama kengele ndogo. Akakiinamisha kidogo, akaiona R iliyochorwa chini.

"Kesho utawasha saa ngapi?" akauliza, bila kugeuka.

"Saa kumi na moja alfajiri, Kyala akipenda."

"Pumba unazo za kutosha?"

"Gunia mbili. Vyungu arobaini vinataka nne."

Gwamaka akairudisha kata juu ya chungu, akaukunjua mkono wake, akautoa ufunguo wa mashine na kuuzungusha kidoleni mara moja. Kisha akainama chini ya kizingiti cha ghala na kutoka, akaelekea upande wa mashine, kujaza gunia mbili zilizopungua.