Kumzima Mwalimu

Mimi si mtu wa kubembeleza, na mwaka ule wa tisini na tano nilikuwa na sababu. Mkuu wangu wa kitivo alikuwa amechoshwa na kile alichokiita "digrii ya redio": walimu wa shule za kijijini huko Mukurweini walisikiliza mihadhara yangu kwenye kanda huko kwao katikati ya wiki, kisha Jumamosi nilipanda gari kwenda kujadiliana nao ana kwa ana. Siku hiyo alikuja nami ajionee. Asiporidhika, mpango unafungwa, na wale walimu hawangeweza kuacha madarasa na ng'ombe wao wafuate masomo Nairobi.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Nikauliza swali la kwanza. Moffat, mmoja wa walimu hao, akasimama, akanijibu kwa maneno yangu mwenyewe, na pale nilipokohoa kwenye kanda, naye akakohoa. Swali la pili, hivyo hivyo. Nikauliza kama kuna asiyeelewa. Hakuna mkono ulioinuka. Mkuu akaanza kufunga mkoba wake, nami nikapandwa na hasira.

"Hizi kanda mnazisikiliza vipi?"

"Kutoka mwanzo mpaka mwisho, Madam," Moffat akasema. "Tena na tena."

"Hamzisimamishi?"

Wakatazamana. "Ati tuzime mwalimu akiongea?" mwalimu Warigia akauliza taratibu. "Hiyo si ni madharau?"

Nilijiona mjinga. Nilikuwa nimewapelekea redio za kaseti, betri na kanda, nikasahau adabu waliyolelewa nayo. Nikaiweka redio mezani, nikaiwasha.

"Leo mtanikatiza. Hatutoki hapa kabla hamjanikatiza."

Sauti yangu ikaendelea kuhubiri. Hakuna aliyesogea. Mwishowe Gicheru, hedimasta mwenye mvi, akainuka mbele ya walimu wa shule yake mwenyewe, akabonyeza kitufe.

"Hapa mimi sijashika kitu," akasema. "Na nimekuwa nikiambia hawa niko sawa."

Hakuna aliyecheka. Warigia akasema hata yeye. Moffat akasema ameshika, lakini hakubaliani. Wakaanza kuvutana, redio ikawa inazimwa na kuwashwa, na mimi nikawa nafundisha kwelikweli. Nilifurahi mpaka nikasahau kuna mgeni.

Mkuu akasimama, akasafisha koo, akaanza kueleza kwamba safari ya Nairobi ni ndefu na yeye ni mtu mwenye shughuli nyingi.

"Pole, mzee, ngoja kidogo," Gicheru akamwambia. "Hatujamaliza."

Nikangoja afoke. Akavuta kiti chake karibu na redio, akaketi.