Mjomba Sevugan Hucheka Akishakufa

Mjomba wangu Sevugan amekufa kwa risasi, kwa panga, kwa kutumbukia kisimani, na mara moja kwa kugongwa na gari la miwa lililokuwa limesimama. Hilo la mwisho nimemwuliza sana. Hunijibu kwamba mwongozaji ndiye aliyetaka hivyo, yeye kazi yake ni kufa.

Ni mwigizaji, tena wa Chennai, kunakotengenezwa filamu zetu. Katika lile kundi linalokimbia nyuma ya adui likiwa na marungu, yeye ndiye mwenye masharubu kama mkia wa komba. Kila steringi mkubwa ameshampiga mjomba wangu, na sisi huku Usilampatti tunajivunia makonde hayo kama wengine wanavyojivunia shahada. Baba yangu ana duka la mbolea, na ukutani ametundika picha ambayo mjomba yuko hewani, kichwa chini miguu juu. Wateja humwuliza huyo ni nani. Baba husema, shemeji yangu, akiwa kazini.

Sasa, kwenye kazi hiyo kuna mwiko. Mtu akishaigiza kufa, kamera haizimwi mpaka afumbue macho, aitazame, acheke. Asipocheka, kifo chenyewe kinaweza kudhani mambo yamekwisha, kikaja kumchukua kweli. Kicheko hicho hukatwa na kutupwa, hakuna anayekiona. Kwa hiyo mjomba amecheka maisha yake yote bila mtazamaji.

Mluzi ndio hakuwahi kuupata. Kwetu mwigizaji hupimwa kwa mluzi. Steringi akitokeza tu hata kidole cha mguu, ukumbi mzima unapiga miluzi, karatasi zinarushwa, watu wanapanda juu ya viti. Mjomba akitokea, watu huenda kununua karanga.

Na kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakutaka hata kumwona: mama yake mzazi, bibi yangu Pechiyammal. Aliingia sinema mara moja, filamu ya kwanza ya mjomba. Mjomba alipochomwa kisu, Bibi akafungua nywele, akajipiga kifua, akaanza kuimba maombolezo. Wanawake wa ukumbi mzima nao wakafungua nywele, maana huku kwetu humwachi mama aliyefiwa alie peke yake. Filamu ikasimamishwa. Mjomba, aliyekuwa amekaa kiti cha pembeni yake wakati wote huo, akalazimika kusimama aseme, mama, mimi huyu hapa. Bibi akamzaba kofi, akaenda zake nyumbani kwa nyati wake wa maziwa. Hakurudi tena.

Mwaka huu magoti ya mjomba yaligoma. Akaamua kufanya filamu moja ya mwisho na kurudi nyumbani. Mwongozaji, kijana mmoja wa huku kwetu aitwaye Ilamparithi, akampa nafasi yenye jina: mchunga nyati anayemlea steringi tangu utotoni. Mjomba akapata maneno ya kusema. Akapata na kona yake ya bango, chini kulia, karibu na jina la mpiga chapa.

Akaja kumwambia Bibi kwamba safari hii lazima aende. Bibi alikuwa anakamua, hakugeuka.

"Unakufa?"

"Sifi, mama."

Na siku hiyo alikuwa anasema kweli. Lakini kazi ya kupiga filamu ilipofika katikati, wakagundua kwamba steringi hana sababu ya kukasirika. Steringi wetu hawezi kukasirika vizuri mpaka mtu mwema afe, na mtu mwema aliyekuwa karibu ni mjomba. Akauawa mchana huohuo.

Mimi peke yangu ndiye niliyeambiwa. Alinipigia simu akinong'ona kama mwizi: "Yazhini, wewe utakaa upande wa pili wa bibi yako. Ukiona kwenye filamu naanza kuwafungua nyati, ujue nakaribia kufa, mshike mkono." Nikamwambia mkono wa Bibi ataushika mwenyewe, mimi nitashika mlango. Hakucheka. Akasema amemwomba Ilamparithi kitu kimoja tu cha kumuaga, kwamba kile kicheko cha mwisho kisikatwe. Ilamparithi amemwuliza nani anacheka msibani, wala hakumwahidi.

Siku ya onyesho la kwanza, vijana walimwagia bango la steringi maziwa, kama inavyoogeshwa sanamu ya mungu, mpaka nzi wakahamia pale. Kafuri iliwashwa, nazi zikapasuliwa. Bibi aliingia na sari yake ya arusi, asumini kichwani, tambuu shavuni. Mjomba akakaa kulia kwake na shuka nyeupe mpya, mimi kushoto.

Mjomba akatokea kwenye pazia la sinema na ndama mabegani. Niliona shingo yake mjomba pale kitini ikinyooka, anasikiliza. Kimya. Watu walikuwa wanamtunzia steringi midomo yao. Bibi tu ndiye aliyenong'ona kwamba ndama kabebwa vibaya.

Halafu akaanza kuwafungua nyati, kikaja kifo. Panga moja, jingine, mjomba chini, vumbi. Mkono wa Bibi ukapanda taratibu hadi kwenye fundo la nywele. Nikageuka: vikongwe wa mstari wa nyuma, wanaokumbuka ya zamani, nao walikuwa wameshapeleka mikono kwenye mafundo yao.

"Kaniambia hafi," alisema Bibi. Mjomba alikuwa anatazama ndara zake.

Nikamshika mkono. "Usifungue, Bibi. Huwa anacheka. Kila akifa, anacheka."

"Maiti gani inacheka?"

"Ya mwanao. Ngoja uone."

Akangoja. Steringi akalipiza kisasi, akachoma magari, akaimba na mchumba wake mlimani. Bibi hakumjali hata kidogo. Kila baada ya muda kidogo ananipiga kiwiko: bado hajacheka? Nikawa najibu bado, huku nikiutazama mlango, maana nilikuwa nimeahidi kitu kisicho changu.

Filamu ikaisha. Majina yakaanza kupanda, watu wakasimama kutafuta viatu. Mkono wa Bibi ukarudi kwenye fundo.

Pazia likawaka tena. Mjomba amelala vumbini, damu kifuani, nzi puani. Akafumbua jicho moja, kama anayechungulia iwapo mgeni ameondoka. Akafumbua la pili. Akacheka na ukumbi mzima, meno yote, masharubu yakapanda hadi masikioni.

Bibi akatema tambuu, akatia vidole viwili mdomoni. Ule ni mluzi wa kurudisha nyati kutoka ng'ambo ya bonde, na hapo ulikuwa ndani ya chumba chenye paa la bati. Vikongwe wa nyuma wakaufuata. Vijana waliokuwa mlangoni wakarudi mbio, wakapanda viti, wakapiga miluzi mpaka taa zikawashwa.

Mjomba, aliyeweza kufa bila kope kutikisika, alikuwa amejifunika uso kwa shuka.

Bibi akaifunua, akamzaba kofi. "Ulisema hufi."

Kisha akamtengeneza masharubu, akaketi tena palepale, akaniuliza onyesho linalofuata linaanza saa ngapi.