Kunyamaza kwa Watu wa Mpunga

Kazi yangu ya mwisho chuoni ilihusu mazao na fikra za watu. Nilidai kwamba anayelima mpunga, ambaye maji yake hupita kwanza kwenye jaruba la jirani, huwaza kama kundi. Na anayelima mahindi, ambaye husubiri mvua kwenye shamba lake mwenyewe, huwaza peke yake. Niliwauliza watu swali moja: kuku amepotea, kosa ni la nani? Kwetu bondeni, kwenye mpunga, walianza na jirani, wakapitia kwa mama mkwe wa jirani, wakaishia kwenye ua uliochakaa. Kilimani, kwenye mahindi, walijibu: "La kuku." Msimamizi wangu alinisifu sana. Ndiyo maana inaniuma kueleza yaliyonipata.

Nafanya kazi kwenye maabara ya mbegu. Napanga mbegu juu ya karatasi yenye unyevu, nazifunika, kisha nasubiri kuona zipi zitaota. Kusubiri kunanifaa. Mimi nikikanyagwa mguu, ndimi ninayeomba radhi.

Fundi wa mashine zetu, ambaye tunamwita Fundi tu, ni mtu wa kilimani. Siku moja alikuja kutengeneza kabati la joto la kuoteshea mbegu. Akakaza skrubu moja kuliko ilivyohitaji, kisha akasema bila kugeuka, "Nataka kuwaleta wazee wangu kwenu. Kukuposa. Unasemaje?"

Nikanyamaza. Nikaendelea kupanga mbegu.

Kwetu hilo ndilo jibu. Mtu akitaka zamu yake ya maji ibadilishwe, huwaambia majirani wakiwa wanapalilia, nao huendelea kupalilia. Anayekataa hukohoa na kuanza kulalamikia shamba lake. Anayekubali hunyamaza, kwa sababu kusema "ndiyo" ni kujifanya maji ni yako. Basi nilinyamaza kwa moyo wangu wote. Nilijizuia hata kukohoa, na vumbi la mbegu lilikuwa limenikaa kooni.

Jioni nilimwambia shangazi, ambaye nakaa naye.

"Ulinyamaza vizuri?" akauliza.

"Vizuri sana, shangazi."

Akaenda kufua mapazia ya sebuleni kwa ajili ya wageni.

Wiki ikapita bila mgeni. Fundi akaanza kuniita "dada wa maabara" na kunisalimia kama watu wanavyosalimiana kwenye foleni ya benki. Nikadhani ni haya za uchumba. Nikaona kumbe tunafanana, moyo ukazidi kulainika.

Asubuhi moja mama wa mapokezi akaja na kikombe chake cha chai. "Umesikia, mwanangu? Fundi anahama. Kaomba mwenyewe kwenda tawi la mbali. Anaondoka mchana huu."

"Kwa nini?"

"Kuna msichana kamkataa."

Wivu ukanipanda. Yaani keshanichumbia mimi, halafu anazunguka kwa wengine? Kisha nikamwonea huruma. "Huyo msichana ana roho mbaya," nikasema. "Angalau alimkataa kwa upole?"

"Hata hakumjibu. Kaulizwa, yeye anaendelea kupanga mbegu." Akaitazama trei yangu, akanitazama mimi. "Mbegu kama hizo."

Ndipo nikaukumbuka ukurasa fulani wa kazi yangu ya chuo. Kilimani, ukimwomba mtu ng'ombe wa kulimia akakunyamazia, amekunyima kwa heshima. Niliyaandika hayo kwa mkono wangu, na nikapiga mstari chini yake.

Nilimkuta Fundi uani, anafunga kamba kwenye sanduku la vifaa nyuma ya gari la ofisi.

"Fundi."

"Naam, dada wa maabara."

Nikaanza kwa njia ya kwetu. Nikamwambia shangazi amefua mapazia, na jua ni kali siku hizi, kwa hiyo yamekauka vizuri, tena sebule yetu si ndogo.

"Hongereni," akasema, akaivuta kamba.

Nikaona nitampoteza mtu huyu nikiwa bado naongelea mapazia. Nikafumba macho. "Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Lile la kabati la joto. Ndiyo. Wazee waje."

Dereva akazima injini ili asikie vizuri.

Fundi akanyamaza. Akanyamaza sana. Nami, mtaalamu wa mambo haya, nikasimama pale nikitafuta kichwani ni ukurasa upi.

"Huko kunyamaza," nikamuuliza kwa sauti ndogo, "ni kwa kwenu au kwa kwetu?"

"Kwa kwenu," akasema, akaanza kufungua kamba. "Ila usinizoeshe. Kunachosha."

Tukaenda pamoja kwa mkuu wa maabara kuomba uhamisho ufutwe. Mkuu alitusikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea kutia saini karatasi zake, kimya. Nikamfinya Fundi mkono kwa furaha. Yeye alikuwa anatazama sakafu.

Mkuu ni mtu wa kilimani.

Basi Fundi yuko tawi la mbali mpaka msimu uishe. Wazee wake walikuja, sebule ikatosha, mapazia yakasifiwa. Kila jioni akinipigia simu najibu "ndiyo" kabla hajamaliza kuuliza, nisije nikaharibu tena. Juzi, kwa namna hiyo, nimekubali anunue pikipiki mbovu.