Poda ya Ndevu

Ondieki aliuza mayai sokoni Uriri. Kila aliponyoa ndevu kwa wembe, shingo ilimjaa vipele hadi akashindwa kufunga tai ya kanisani. Mkewe, Nyasuguta, akamnunulia poda ya kunyolea. Unaikoroga na maji, unapaka, unangoja kidogo, kisha unapangusa na ndevu zinatoka zenyewe.

Asubuhi ya kwanza kuitumia, Ondieki alikwenda sokoni na kidevu laini kama cha mtoto. Poda ilinuka vibaya, lakini alipofika pua yake ilikuwa imeshazoea.

Mama Eucabeth, mwenye hoteli, aliinama kuchagua mayai, akaruka nyuma.

"Ondieki, haya yameoza!"

"Haki ya Mungu, mama, ni ya jana!"

Akapasua moja kwenye bakuli. Lilikuwa zima, kiini kimesimama. Mama Eucabeth akanusa, akatikisa kichwa. Ondieki akapasua la pili, akapasua na la tatu. Watu wakakusanyika huku wameziba pua.

Mwishowe Mama Eucabeth akayaacha mayai, akasogeza pua hadi kwenye shavu la Ondieki.

"Yawa!" akapaza sauti. "Mayai ni mazuri. Ni huyu mwanaume ameoza!"

Soko likaangua kicheko. Ondieki aliona haya, kisha naye akacheka, akaeleza habari ya poda. Mama Eucabeth alinunua trei mbili, akabeba na yale ya bakulini, akamshauri awe anakwenda kwa kinyozi kunyolewa kwa mashine.

Siku hizi ndivyo anavyofanya, ila wateja bado humnusa kwanza kabla ya kuuliza bei.