Kijiko cha Jumapili

Xaveria alikuwa na miaka minane na mkono mwepesi. Mdogo wake, Leonsi, akigusa tu kitu chake, anakula kofi. Fimbo za mama yao, Evangelina, zilimfundisha jambo moja: kumpigia Leonsi nyuma ya zizi, mbali na macho ya watu.

Ndipo Evangelina akajaribu njia nyingine. Kila Jumapili, wakisharudi nyumbani Nakwa kutoka misa, alimwita Xaveria mbele ya wote, akataja jema aliloliona kwake wiki ile, kisha akamwekea kijiko cha sukari kwenye uji. Mkono wa Xaveria ukatulia.

Mwaka themanini na tatu sukari ikaadimika Babati. Evangelina alipanga foleni kwenye duka la ushirika, akarudi na kipande cha sabuni au mikono mitupu. Akaona aibu kumwita mtoto kwenye uji usio na kitu.

"Mama, leo siitwi?"

"Jumapili ijayo, mwanangu. Sukari ikija."

Jumapili zikapita. Siku Leonsi alipovunja kibuyu cha maji cha dada yake, Xaveria aliinua mkono, akaushusha, akamtazama mama yake. Evangelina aliona. Hakusema neno.

Hatimaye jirani yao, Ursula, akampa sukari kidogo, imefungwa kwenye gazeti. Evangelina aliificha ndani ya debe la maharage. Xaveria aliiona, akawa anatabasamu peke yake Jumamosi nzima.

Kesho yake, kabla ya uji, akaingia Anselmi, kaka mkubwa wa mume wa Evangelina, kutoka Dareda.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Xaveria. Usinipe chai ya chumvi, hiyo nimeiacha nyumbani!" Akacheka sana.

Mgeni hanywi chai ya chumvi, ile ya wasio na sukari, wala haondoki mikono mitupu. Anselmi alikunywa vikombe vitatu, na sukari iliyobaki akafungiwa ampelekee mama yake, mkwe wa Evangelina. Xaveria alisimama mlangoni mpaka kifurushi kilipoingia mfukoni mwa mgeni.

Jioni Leonsi aligusa kamba ya kurukia ya dada yake. Kofi lilisikika hadi barabarani.

Evangelina alichukua fimbo. Akaiweka chini. Akamimina uji mtupu kwenye kikombe.

"Xaveria, njoo. Siku ile ya kibuyu hukumpiga mdogo wako. Niliona."

Mtoto alikunja uso. "Uliona?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja sukari." Maneno hayo yalipomtoka, yeye mwenyewe hakuyaelewa. Kusema jema hakukuwa na gharama siku zote.

"Usiniahidi tena, mama."

"Sitakuahidi."

Xaveria alipokea kikombe, akaenda kunywea nyuma ya zizi, kule alikokuwa akijificha zamani. Evangelina hakumfuata. Alibaki mlangoni, akijikumbusha wiki zile zote za kimya, jema moja baada ya jingine, ili awe na la kusema kikombe kitakaporudi.