Jeraha Lisilofungwa

"Usilifunge," nilimwambia. "Liache hivyo hivyo, tajiri alione."

Dama alikuwa ameketi juu ya robota la mitumba, kiganja cha kulia kimefunuka mapajani kama samaki aliyetumbuliwa. Ukanda wa chuma unaobana robota ulikuwa umefyatuka alipoukata, ukamchana kutoka gumba hadi kwenye kifundo cha mkono. Mkono wa kushoto ulishika kipande cha kanga, tayari kujifunga. Alinitazama. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasemea watu wa godauni lile, nyuma ya Biashara Street. Mwaka wa tatu tunadai glavu, na tajiri anatujibu kwamba hajamwona aliyeumia.

"Kaka Chengo, linauma. Niende hospitali kwanza."

"Ukienda watalisafisha, watalishona. Asubuhi tajiri atasema ulijikata na kisu cha jikoni kwako. Lala nalo usiku mmoja tu, dada. Kwa ajili ya wenzio."

Akakisokota kile kipande cha kanga, akakichomeka kiunoni.

Shule sikusoma ya maana. Sheria za kazi nilijifunza katika vitabu vilivyochanika majalada; hasira nilizaliwa nayo. Hata leo naweza kukutajia kila tusi alilonitukana tajiri yule, na mahali aliposimama akinitukana. Wengine husahau wapate usingizi. Mimi hukumbuka, na kumbukumbu hiyo hiyo ndiyo isiyoniachia usingizi sasa.

Asubuhi tajiri hakuja. Dama alivuka kwa feri kutoka Likoni akaja, amejitanda leso mbili na jua lote lile, meno yanagongana. Mkono ulikuwa umevimba hadi pete imezama nyamani.

"Malaria hiyo," alisema mmoja.

"Malaria wapi? Anamwogopa tajiri," akadakia mwingine. Tukacheka, na Dama akacheka nasi.

Nikamweka kitini mlangoni, pale gari la tajiri linaposimama. Kufika adhuhuri, mstari mwekundu ulikuwa umetoka kwenye kifundo ukapanda hadi kiwikoni. Niliuona. Niliuona, nikawaza: vizuri, huu hata kipofu atauona.

Alasiri Dama akaanza kuniita baba. Baba yake alizikwa zamani.

Hospitalini tulikomkimbiza, Daktari Zilpah, mwanamke wa bara mwenye sauti ya chini, alisema vijidudu vilishatoka jerahani vikaingia kwenye damu.

"Na damu haina mahali isipofika. Mapafu, figo, ubongo. Mwili nao ukipigana navyo unajiumiza wenyewe. Mngemleta jana, angerudi nyumbani na nyuzi chache." Akaugeuza ule mkono taratibu. "Mbona halikuoshwa? Hata kitambaa?"

Hakuna mwenzangu aliyenitaja. Na mimi, msemaji wao, nilitazama sakafu.

Nilizoea kujigamba kwamba neno nikilisema godauni asubuhi, jioni limeshafika mtaa wa Ganjoni, limeshavuka Likoni, wala hakuna ukuta wa kulizuia. Siku zile nilikaa nje ya chumba cha mahututi, nikisikiliza mashine ikimsafishia Dama damu yake, nikajifunza upya jinsi kitu kinavyosambaa. Mkono waliukata chini ya kiwiko, ili mwenyewe abaki.

Glavu zilikuja. Tajiri aliingiwa na hofu, akazileta kwa maboksi, na watu wakanibeba juu juu wakiimba jina langu. Sikuwaambia waniteremshe.

Ilinichukua miaka kuthubutu kumtembelea. Siku hizi anakaa Mji wa Kale, chumba cha chini, barazani anauza maji ya ukwaju. Nilimkuta peke yake.

"Karibu, kaka. Umeadimika."

"Nipo, dada."

"Wale wenzetu, wanazivaa zile glavu?"

"Wanazivaa."

"Si haba."

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, moja nyuma ya jingine, kama ninavyopanga hotuba. Nikafungua mdomo. Yeye tayari alikuwa ameubana mtungi kwapani, upande wa kigutu, anamimina kwa ustadi bila kumwaga tone. Akaushika ule mtungi akautua, akainua glasi, akaninyooshea.

"Uniwie radhi, kaka," alisema. "Mkono wa kushoto."

Nikaipokea kwa mikono miwili.